Siti binti Saad na Riziki ya Mwimbaji Asiye na Bwana

Katika historia ya muziki wa pwani ya Afrika Mashariki, Siti binti Saad hutajwa aghalabu kwa sifa mbili: kwamba sauti yake haikuwa na mfano, na kwamba alikuwa wa kwanza. Sifa ya kwanza haina mgogoro. Ya pili yataka kupimwa, kwani mtu aweza kuwa wa kwanza katika jambo moja na wa mia katika jingine. Tena, nyuma ya sifa hiyo limejificha swali lililo kubwa zaidi: mwanamke asiye na nasaba, mali wala kisomo aliwezaje kuishi kwa koo lake katika mji uliompima kila mtu kwa asili yake?

Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Utumwa ulikuwa bado halali wakati huo. Amri iliyoiondoa hali hiyo katika sheria ilitolewa mwaka 1897, na katika nchi ya namna hiyo jina lake halikuhitaji tafsiri. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti alichukua vyungu akavitembeza kuviuza. Shaaban Robert, aliyeuandika wasifu wake, asimulia kuwa sauti ya mwuzaji ilijulikana kabla ya vyungu vyenyewe kuonekana. Basi soko lake la kwanza halikuwa ukumbi wa tarabu bali njia ya shamba, na huko alijifunza jambo ambalo kila aishiye kwa jasho lake hana budi kulijua: bidhaa njema isiyonadiwa hulala.

Alihamia mjini mwaka 1911. Wakati huo tarabu ilikuwa na makao yake na wenyewe. Inasimuliwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye aliyempeleka Muhammad bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni, ili aje kuiburudisha jumba la mfalme. Mwaka 1905 kiliundwa chama cha Nadi Ikhwani Safaa, wanachama wake wakiwa waungwana wa mjini, na nyimbo zikiimbwa kwa Kiarabu. Mwanamuziki wa jumba alikuwa na bwana wa kumlisha, na mwanachama wa nadi alikuwa na shughuli nyingine ya kumpatia riziki. Siti hakuwa na kimoja wala kingine. Kwake yeye muziki ulipasa kuwa kazi, na kazi isiyo na mwajiri.

Nguzo ya kwanza ya kazi hiyo ilikuwa mafunzo. Alipata mwalimu, Ali Muhsin, aliyekuwa stadi wa muziki na mmoja wa watu wa nadi hiyo. Siti hakuwa amesoma, naye alijifunza kwa kusikiliza na kukariri, akapata mbinu za uimbaji wa Kiarabu pamoja na visomo. Hili lastahili kukumbukwa, maana yako masimulizi yanayomfanya kuwa ndege aliyeimba kwa maumbile tu. Maumbile yalimpa sauti, ufundi aliutafuta. Mwimbaji aliyeweza kuimba kwa Kiarabu mbele ya wakubwa na kwa Kiswahili mbele ya wenziwe alikuwa na milango miwili ya riziki, na mlango mmoja ulipofungwa, wa pili ulibaki wazi.

Nguzo ya pili ilikuwa kundi. Pamoja naye walikuwapo Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban. Wazee wa Zanzibar waliohojiwa na mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2001, walikumbuka mikutano ya jioni nyumbani kwa Siti, upande wa Ng'ambo, ambako habari za mji zililetwa, zikajadiliwa na kugeuzwa nyimbo. Yafuata kuwa neno "nyimbo za Siti" halina budi kufahamika kwa mapana: sauti ilikuwa yake, lakini tungo mara nyingi zilikuwa zao. Kutokuwa na bwana hakukuwa kuwa peke yake. Aliyemkosa mlezi wa juu alipata nguvu kwa wenzi wa ubavuni.

Nguzo ya tatu ilikuwa lugha, na hapa ndipo neno "wa kwanza" lipasapo kuwekwa sawa. Wanawake wa pwani waliimba kwa Kiswahili vizazi vingi kabla yake, katika unyago, katika lelemama na katika ngoma za harusi. Siti hakukipa Kiswahili wimbo, kwani kilikuwa nazo tele. Alilolifanya ni kukiingiza katika tarabu kwa daraja ambalo halikuwako, kikafuatana na udi, fidla na dumbaki mbele ya wasikilizaji wa kila namna, kisha kikatiwa katika santuri. Fumbo, ambalo ni mhimili wa ushairi wa Waswahili, lilimfaa sana. Kwa fumbo aliweza kusema juu ya hakimu mpotovu, tajiri dhalimu au mwanamume mkatili, na asikamatwe kwa neno hata moja. Wimbo wa "Kijiti", uliotokana na kisa cha mauaji ya mwanamke na hukumu iliyofuata, waonyesha jinsi kundi hilo lilivyoyaleta mambo ya mahakamani barazani.

Riziki yenyewe ilitoka kwa mialiko na kwa tuzo. Tendo la kutunza lina adabu yake: msikilizaji huinuka, huenda mpaka mbele, humpa mwimbaji fedha mkononi, na kila mtu huona nani ametoa na kwa ubeti upi. Kwa hiyo malipo yalikuwa pia hukumu ya watu juu ya kazi, na mwimbaji alijua papo hapo lipi limewaingia.

Mwaka 1928 hali hiyo iliguswa na jambo jipya. Siti na wenziwe walisafiri kwa bahari hadi Bombay kutiwa sauti katika sahani za kampuni ya Gramophone, yenye alama ya His Master's Voice. Upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu hivi, basi wimbo uliozoea kurefuka kadiri ya furaha ya wasikilizaji ulilazimika kukatwa kwa kipimo cha mashine. Sahani zilienea pwani na bara, zikapigwa majumbani na katika migahawa ya kahawa. Faida yake ilikuwa kubwa, kwani jina lilifika mahali ambako miguu isingefika. Lakini wakati wa tuzo mkono wa mpaji ulikutana na mkono wa mwimbaji. Sahani ilinunuliwa kwa mfanyabiashara, na mwimbaji hakuwapo. Kwa mara ya kwanza sauti iliweza kuuzwa mbali na mwenyewe. Suala hilo halijawatoka wanamuziki hata leo, ingawa sahani zimekwisha kupitwa na vyombo vingine.

Wanafunzi wa lugha watakumbuka kuwa katika mwaka uo huo wa 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha. Hapana sababu ya kusema kuwa jambo moja lilizaa jingine. Hata hivyo yafaa kuyaweka pamoja: wakati wataalamu walipokuwa wakikipangia Kiunguja tahajia, watu wa Ng'ambo walikuwa tayari wamekisafirisha kwa sauti, pamoja na mafumbo na kejeli zake ambazo kamusi hazikuweza kuzibeba zote.

Sifa huzaa husuda. Mahasidi walimtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki aliyoivaa alipokuja mjini. Naye alijibu kwa wimbo, akashikilia kuwa utu haupimwi kwa sura wala kwa nasaba bali kwa akili. Jina nalo lilikuwa limekwisha kujibu. Siti latokana na neno la Kiarabu la kumtukuza bibi. Aliyezaliwa Mtumwa alikuwa akiitwa bibi hata na waliomdhihaki, kwa kuwa hawakuwa na jina jingine la kumwita.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliwahi kuzungumza naye kabla ya hapo, na wasifu aliouandika ni wa kusifu na kufundisha. Msomaji wa historia hana budi kuusoma akilijua hilo. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba nyimbo zake hata uzeeni mwake, na mwaka 1988 wanahabari wanawake wa Tanzania waliliita gazeti lao Sauti ya Siti. Kwa maisha yake yaonekana kuwa mwimbaji asiye na bwana huwa na mabwana wengi: mwalimu, wenzi, wasikilizaji na mwenye mashine. Siti aliwahudumia wote, wala hakumwachia hata mmoja wao kuwa mwenye sauti yake.