Kahawa ya Buhaya na Kikombe cha Wataliani

Mgeni aingiapo katika nyumba ya Mhaya, desturi yetu ya tangu zamani ni kumletea kikapu kidogo chenye buni kavu za kutafuna. Kahawa hiyo twaiita akamwani. Mbali sana na hapa, katika miji ya Napoli na Milano, Mtaliani akutanapo na rafiki humkaribisha kahawa vile vile, ila yake ni ya kunywa. Leo twapenda kuwaeleza, wasomaji wetu, habari za desturi hizi mbili na jinsi zilivyokutana.

Tuanze kwetu. Kabla Mzungu yeyote hajafika, babu zetu, toka Kiziba hata Ihangiro, walikuwa na kahawa ya robusta katika vibanja vyao, chini ya migomba. Waliichuma kabla haijaiva sana, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha wakaianika. Hawakuila kwa sababu ya njaa, ilikuwa heshima. Watu wawili walipotaka kuchanjiana udugu, walipasua tunda moja la kahawa na kutoa buni zake mbili. Kila mmoja alipaka buni yake damu ya mwili wake, akampa mwenzake aile. Kama buni zile zilivyolala pamoja katika ganda moja, ndivyo watu wale walivyokuwa ndugu hata kufa.

Lakini si kila mtu aliyeweza kupanda kahawa apendavyo. Bakama waliushika mti huo mikononi mwao, na mtu wa kawaida hakuupanda bila idhini. Mambo yalibadilika baada ya Wadachi kuja. Emin Pasha alianzisha boma la Bukoba mwaka 1890, na mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Ndipo magunia yakapata njia ya kwenda pwani, na kahawa ya heshima ikawa pia kahawa ya fedha.

Sasa tuvuke bahari. Kahawa iliingia Italia kwa mikono ya wafanya biashara wa Venezia, waliofanya biashara na nchi za Waturuki. Mwaka 1720 Floriano Francesconi alifungua mkahawa katika uwanja mkubwa wa mji huo, nao ukajulikana kwa jina la Florian. Hapo kwanza kahawa ilikuwa ghali, kinywaji cha wenye mali. Kwao kama kwetu, ilianza kwa wakubwa.

Mwaka ule ule wa 1901, reli ilipofika ziwani kwetu, Luigi Bezzera wa Milano alijiandikishia haki ya mashine yake, ipitishayo maji ya moto kwa nguvu katika unga wa kahawa na kujaza kikombe kwa muda mfupi sana. Mwaka 1933 Alfonso Bialetti alitoa birika dogo la kupikia kahawa nyumbani. Hivyo kahawa ikawa ya kila mtu. Asubuhi fundi na wakili husimama bega kwa bega mbele ya meza moja ndefu, hunywa mafunda machache, huulizana hali, kisha kila mmoja huenda kazini. Na huko Napoli iko desturi njema: mtu mwenye furaha hulipia vikombe viwili, akanywa kimoja, na cha pili akamwachia maskini asiyemjua.

Sasa tazameni zilivyokutana. Robusta ina uchungu wenye nguvu, nayo hutoa povu zito. Kwa hiyo wakaangaji wengi wa Italia huichanganya na arabika. Italia ni mmoja wa wanunuzi wa kahawa ya Tanzania. Basi buni iliyochumwa Kamachumu yaweza kuwa ndani ya kikombe kile alichoachiwa maskini wa Napoli.

Wataliani si wakulima wa kahawa, lakini dunia nzima yawajua kwa jinsi wanavyoiheshimu. Sisi tuliozaliwa chini ya mti wenyewe, wengi wetu twaihesabu kwa kilo tu. Bei ikipanda twashangilia. Ikishuka twautazama mti kana kwamba umetukosea. Na wako vijana waonao haya kutafuna akamwani mbele ya watu, wakidhani ni mambo ya wazee.

Fedha ni haki ya mkulima, wala hatumwambii mtu asiitafute. Lakini mzee akikosa wa kumrithisha kikapu chake, hakuna mnunuzi atakayeturudishia desturi ile kwa bei yoyote. Basi magunia na yaende Italia, lakini konzi moja ibaki nyumbani. Na mgeni abishapo hodi, asiondoke kabla hajapewa buni mkononi.