Kila Shauri na Zama Zake

Shauri ni jepesi kutoa na zito kubeba. Hupita kinywa hata kinywa kwa urahisi, na mara nyingi sababu iliyolizaa huachwa njiani. Nataka, msomaji, tulipime jambo hili kwa kazi moja inayopendwa na vijana wa siku zetu, yaani kunasa na kuchanganya sauti za muziki.

Tuseme kijana wa Ukunda, karibu na Diani, ana kompyuta ndogo na hamu kubwa. Amekwenda Msambweni kunasa sengenya, ngoma mashuhuri ya Wadigo, inayopigwa kwa ngoma, upatu na nzumari. Amejifunza mashauri matatu kutoka kwa watu asiowajua: nasa kwa nguvu hata kipimo kifike mwisho; punguza sauti nzito zote; kisha ipaze kazi yako kuliko za wenzako. Ametii yote. Wazee wanapoletewa wasikilize, hawaitambui ngoma yao. Iliyokuwa ikitikisa ardhi imekuwa kama kopo linalogongwa. Kijana hakuwa mvivu, na washauri wake huenda hawakukusudia uongo. Basi kosa limetoka wapi? Tuiulize historia.

Edison wa Marekani alitengeneza chombo chake cha kunasa sauti mwaka 1877. Kwa muda wa karibu miaka 50 sauti zilinaswa kwa pembe kubwa, pasipo umeme. Fundi alichanganya sauti kwa kuwapanga watu: mwimbaji karibu na pembe, wenye vyombo vya kishindo nyuma. Mwaka 1925 maikrofoni ya umeme ilianza kutumika katika santuri, na mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay kunaswa nyimbo zake. Mwaka 1950 na 1952 Hugh Tracey alizunguka Afrika ya Mashariki akinasa muziki. Alishika maikrofoni mkononi, akiisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa chombo. Mkono wake ndio uliochanganya sauti, na mkono huo uliongozwa na sikio.

Sasa tuyatazame yale mashauri. La kwanza lilizaliwa katika zama za utepe, ulioenea baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Utepe una mvumo wake wenyewe, na sauti ndogo ilizama ndani yake. Kwa hiyo fundi alinasa kwa nguvu. Tena utepe ukizidiwa kidogo huharibu sauti taratibu. Kompyuta si hivyo. Mvumo wake ni mdogo mno, lakini ikizidiwa hukata vilele vya sauti papo hapo.

La pili lina asili katika santuri. Sauti nzito huitikisa sindano kwa upana, na ikipita kiasi sindano huruka mfereji. Mafundi walikuwa na haki ya kuitawala. Kompyuta haina sindano. Hata hivyo tusilitupe shauri lote: upepo wa bahari ukivuma katika maikrofoni huacha ngurumo nzito, na hiyo yafaa kupunguzwa. Lakini kupunguza ngurumo ya upepo si sawa na kuinyamazisha ngoma.

La tatu lina mzizi katika sikio. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha ya kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza zaidi sauti nzito. Ndiyo sababu wimbo ule ule ukipazwa huonekana mtamu zaidi. Watengenezaji wa muziki walishindana kwa kelele miaka mingi, hata mwaka 2008 mashabiki wa Metallica wakalalamika kwamba albamu ya Death Magnetic imebanwa mno. Siku hizi huduma nyingi za muziki wa intaneti husawazisha nyimbo: iliyopazwa hushushwa, na hasara yake hubaki, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sauti kumekwisha kufutwa.

Waona, msomaji, ya kwamba hapana shauri kati ya hayo lililokuwa upumbavu siku lilipozaliwa. Kila moja lilikuwa dawa ya ugonjwa fulani. Kosa ni kuinywa dawa baada ya ugonjwa kwisha. Kwa hiyo ukipewa shauri, liulize maswali ambayo mwanahistoria huiuliza hati: Nani kalitoa? Lini? Kwa chombo gani? Kwa haja gani? Kisha lijaribu mwenyewe, kwa sauti ya kiasi kimoja, ulinganishe.

Kijana wetu na arudi Msambweni. Kwanza asinase kitu. Aketi karibu na wapigaji asikilize. Halafu aiweke maikrofoni, aache nafasi juu ya kipimo, na mwisho awachezee wazee alichonasa. Kompyuta haijui sengenya inavyopaswa kusikika. Wao wanajua, na siku watakapokuwa hawapo, alichonasa ndicho watakachosikia wajukuu.