Nyasi za Rweya na Rutuba ya Kibanja

Msafiri atokaye mji wa Bukoba kuelekea vijiji vya Buhaya huona nchi ya namna mbili. Huona kwanza migomba iliyosongamana kuzunguka nyumba, na kivulini mwake mibuni, maharagwe na magimbi. Kisha migomba hukoma ghafula, na uwanda mtupu wa nyasi huanza. Wahaya huliita shamba lile la nyumbani kibanja, na uwanda ule huuita rweya. Mgeni hudhani ya kuwa wazee walichagua ardhi njema wakajenga, wakaiacha mbaya. Dhana hiyo ina chembe ya kweli, walakini haitoshi.

Mwaka 1938 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, aliandika makala juu ya jambo hili. Alionyesha kuwa udongo wa asili wa Bukoba umechakaa sana, na kwamba neema ya kibanja ni kazi ya watu. Sababu ya kuchakaa si ngumu kuifahamu. Karibu na ziwa hunyesha mvua ipatayo milimita 2,000 kwa mwaka, nayo huosha chakula cha mimea kikazama mbali na mizizi. Vyaelea, vimeundwa, na kibanja nacho kiliundwa.

Kiliundwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ng'ombe, waliolishwa rweya mchana na kurudishwa nyumbani usiku, samadi yao ikabaki kwenye migomba. Ya pili ni nyasi. Wanawake walizikata rweya, wakazifunga mizigo, wakazichukua kichwani. Nyingine zilitandikwa sakafuni mwa nyumba mahali pa jamvi, na zilipochakaa zikatolewa na kutupwa shambani. Nyingine zilitandazwa moja kwa moja chini ya migomba. Hapo nyasi zilifanya kazi nyingi kwa pamoja: zilivunja nguvu ya matone ya mvua, zilizuia jua lisikaushe udongo, zilinyima magugu mwanga, na zilipooza ziligeuka kuwa mboji. Mgomba una njaa kubwa ya potasi, na potasi iliyomo katika nyasi kavu hutoka upesi mvua inyeshapo.

Yafaa kukumbuka ya kuwa rutuba hiyo haikuzuka pasipo kitu. Kila mzigo ulioingia kibanjani ulitoka rweya, na rweya haikurudishiwa chochote. Ndiyo maana wanawake waliolima njugu mawe huko walilima msimu mmoja, kisha wakaiacha ardhi ipumzike miaka mingi. Utajiri wa shamba moja ulikuwa umaskini wa eneo kubwa lililolizunguka, na mpango huo uliwezekana kwa sababu eneo hilo lilikuwa pana na nyasi zake zilikatwa na wengi.

Historia ilizijaribu njia zote mbili. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wengi wa nchi za maziwa makuu, na nyumba zilizopoteza mifugo zikabaki kutegemea nyasi zaidi. Baadaye, chini ya utawala wa Waingereza, kilimo cha kahawa ya kuuza kilienea vibanjani. Ndizi iliyoliwa nyumbani iliacha maganda yake shambani. Bali buni iliyopakiwa melini iliondoka na sehemu ya rutuba iliyoletwa kichwani na wanawake, wala haikurudi.

Mwaka 1965 serikali ya Tanzania ilitunga sheria ya kuwakomboa wakulima waliokaa chini ya mabwana katika mfumo wa nyarubanja. Ilikuwa haki iliyongojewa kwa muda mrefu. Hata hivyo, mkulima aliyepata kibanja kuwa mali yake aliendelea kuhitaji ardhi isiyo yake. Mpaka wa shamba ulijulikana, lakini rutuba yake ilitoka ng'ambo ya mpaka huo.

Leo sehemu kubwa za rweya zimepandwa mikaratusi na misindano, na nyingine zimekuwa viwanja vya nyumba. Mkulima asiye na ng'ombe hutandaza majani ya migomba yake mwenyewe na mabua ya mahindi. Afanya vema, kwa kuwa udongo uliofunikwa hauchukuliwi na maji. Lakini majani hayo hurudisha tu kile kilichotoka katika shamba lilelile, hayaongezi kitu kipya, na kila mkungu unaouzwa sokoni hupunguza akiba. Basi anayeona kibanja kimedhoofika asiharakishe kumlaumu mwenyewe kwa uvivu. Hana budi kutazama kwanza nje ya shamba, aulize ni nani mwenye nyasi siku hizi, na kama ziko bado.