Tasnifu zimetoka kabatini, ila Kiswahili chake hakionekani

Kizazi changu kiliandika tasnifu kwa taipureta. Nakala safi ilikwenda maktabani, na ile hafifu ya kaboni ikabaki kwa mwenyewe. Aliyetaka kuisoma akiwa Mombasa sharti apande basi hadi Nairobi, aombe ruhusa, kisha anakili kwa mkono. Ndiyo maana kazi nyingi za Kiswahili zilisomwa na watu watatu tu: mwandishi, msimamizi na mtahini.

Majarida yalikuwapo, tena ya miaka mingi. Jarida tunaloliita leo Kiswahili lina mizizi katika Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka wa 1930, ambayo mwaka wa 1964 iligeuka kuwa taasisi ya utafiti pale Dar es Salaam. Lakini nafasi katika jarida ni finyu. Tasnifu ya kurasa 300 haiingii humo.

Mageuzi yalianzia mbali na fani yetu. Mwaka wa 1991 Paul Ginsparg, mwanafizikia wa Los Alamos kule Marekani, alianzisha arXiv ili wenzake wasomeane rasimu bila kungoja majarida. Februari 2002 likatoka tamko la Budapest, lililotaka makala za utafiti zisomwe bila malipo. Mwaka huo huo chuo cha MIT na kampuni ya Hewlett-Packard wakatoa DSpace, programu huria ambayo maktaba yoyote ingeweza kuitumia. Hifadhi za kidijitali za vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta zimejengwa juu yake. (Wapo wanaosema 'hazina ya kidijitali'. Mimi nashikilia hifadhi, maana hazina kwetu hutiwa kufuli.)

Baadhi ya wenzangu wanahofia wizi wa kitaaluma. Jamani, tasnifu iliyofungiwa kabatini ndiyo rahisi kuibwa! Mwizi ana hakika kwamba hakuna atakayeitambua.

Shida ninayoiona mimi ni nyingine. Kila kazi inapowekwa humo hujaziwa fomu ya maelezo: mwandishi, anwani, mada, ikisiri. Mtindo huo huitwa Dublin Core, ulioasisiwa mwaka wa 1995 katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, si ule wa Ireland. Mtindo wenyewe haubagui lugha. Sisi ndio tunaobagua. Tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili kuanzia jalada hadi marejeleo hupewa maneno ya mada kwa Kiingereza, na mara nyingi ikisiri ya Kiingereza peke yake. Mwanafunzi akitafuta 'ngonjera' au 'unyambulishaji', kompyuta humwambia hakuna kitu, kumbe kazi imo. Na kama kurasa zilipigwa picha tu bila maandishi yake kusomeka kwa mashine, basi hata neno lililorudiwa mara mia halitapatikana. Mwanafunzi huyo atatangaza kwamba mada yake haijawahi kuchunguzwa, nasi tutampitisha.

Tusiwalaumu wakutubi. Wao huingiza wanachopewa. Siku hizi mwanafunzi wangu haniletei nakala ya mwisho bila ikisiri kwa lugha zote mbili, na maneno matano ya mada kwa Kiswahili, yale ambayo msomaji wa kawaida angeyaandika anapotafuta. Wawili wamenuna, eti ni kazi ya ziada. Nimewarudishia fomu zao.