Sindano ya nyonga inayoongozwa na picha: ya kujua kabla ya kwenda

Nyonga ina neva ambayo wengi hatujawahi kuisikia mpaka itutese. Madaktari huiita pudenda. Hutokea sehemu ya chini ya uti wa mgongo, huzunguka nyuma ya ncha ya mfupa wa kukalia, kisha hupita katika kijia chembamba alichokieleza daktari wa Ireland, Benjamin Alcock, mwaka 1836. Ndiyo inayohudumia msamba, sehemu za siri na tundu la haja kubwa. Ikibanwa au ikijeruhiwa, mtu huhisi moto, au kama amekalia kitu.

Naandika nikiwa Ruiri, kaunti ya Meru, kwa dada yangu aliyeolewa huku. Anauza mitumba sokoni, na tangu uzazi wake wa mwisho, miaka miwili sasa, hukaa upande mmoja. Alipewa dawa za mkojo mara nne ilhali vipimo vya mkojo ni safi. Jamaa zetu wa pwani wakamwambia kwa simu kuwa ni jini. Tahiyatu hakuiweza, akawa akiswali amelala ubavu. Ni daktari wa Meru mjini aliyemuuliza jambo jipya: je, maumivu hukuamsha usiku?

Swali hilo lina asili. Mwaka 2008 madaktari wa Nantes, Ufaransa, walitoa vigezo vitano: maumivu yawe mahali panapohudumiwa na neva hiyo, yazidi mtu akikaa, yasimwamshe usingizini, ngozi isiwe imepoteza hisia, na yatulie neva ikipigwa ganzi. Tazama hicho cha tano. Sindano ni kipimo kabla ya kuwa tiba, na hili watu hawaambiwi. Mtu husafiri mpaka Nairobi, akapata nafuu ya saa chache, maumivu yakarudi, akaona ameibiwa pesa zake. Hakuibiwa. Saa zile zimemwonyesha daktari kuwa maumivu yanapita kwenye neva ile, ingawa hazisemi imebanwa wapi. Na kama sehemu ilikufa ganzi barabara lakini maumivu yakabaki, basi ni kutafuta kwingine.

Picha ni ya nini? Zamani daktari alipapasa kwa kidole akakisia. Lakini neva hii imeongozana na mishipa ya damu, na jirani yake ni neva kubwa ya mguu. Eksirei huonyesha mifupa tu. Altrasaundi huonyesha mishipa ya damu papo hapo, bila mionzi, ila kwa mtu mnene picha hufifia. Siti skani huonyesha ncha ya sindano na kijia chenyewe, lakini ina mionzi, kwa hivyo mwenye mimba au anayeshuku aseme mapema. Mradi wa serikali wa kukodi vifaa ulioanza 2015 ulipeleka mashine za picha katika hospitali za kaunti. Kwa maoni yangu uhaba sasa ni wa mikono iliyozoea kazi hii, basi muulize daktari amewahi kuifanya mara ngapi. Si utovu wa adabu.

Dawa yenyewe ni ganzi, mara nyingi pamoja na steroidi. Steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na kwetu pwani ni nyumba ngapi hazina mgonjwa wa kisukari? Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda naye aseme. Mguu unaweza kulegea kwa saa kadhaa, kwa hivyo usirudi peke yako kwa bodaboda.

Dada yangu alikaa sawasawa kuanzia adhuhuri hadi magharibi. Sasa anafanya mazoezi ya misuli ya nyonga kwa mtaalamu, akisubiri sindano ya pili.

Ukienda, beba karatasi. Siku hiyo kaa kwenye kiti kigumu, uandike kila saa maumivu ni kiasi gani, sifuri mpaka kumi. Umrudishie daktari karatasi hiyo.