Kisu cha Vipande Vinne

Kisu cha kukunja, yaani kisu ambacho bapa lake huzunguka kwenye ribiti moja na kulala ndani ya mpini, ni chombo cha kale barani Ulaya, kwa kuwa kimojawapo chenye mpini wa mfupa, kilichofukuliwa Hallstatt nchini Austria, kinakadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka 2,500, na Warumi nao walikuwa na visu vya namna hiyo. Kisu cha kukunja kilicho imara ambacho mchungaji au kibarua angeweza kukinunua bila kuumia ni jambo la karibuni zaidi. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, uliojulikana kwa ufuaji wa visu kwa karne nyingi, kisu kizuri cha mfukoni kilitegemea springi ya mgongoni, ambayo ni ulimi wa chuma cha pua unaokibana kisigino cha bapa ili lisifunguke wala kujifunga ovyo. Ulimi huo, pamoja na mabamba ya ndani na vifuniko vya pembe au mfupa, ulipaswa kupigwa tupa kwa mkono hadi kila kipande kilingane na mwenzake, na saa hizo za fundi ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya bei. Fundi aliyetaka kuuza kwa bei ya chini bila kuubadili muundo huo hakuwa na la kupunguza ila ubora wa chuma au muda wa kazi, na hasara yote ikamwangukia mnunuzi.

Jibu lililodumu kuliko mengine lilitoka milimani, mbali na miji mikubwa ya visu. Savoie, eneo la milima ya Alpi lililokuwa limeunganishwa na Ufaransa mwaka 1860, lilikuwa na wahunzi wa vijijini waliotengeneza mashoka, miundu na visu vya kupogolea, na miongoni mwao ilikuwamo familia ya Opinel ya Gevoudaz, kitongoji kilichoko karibu na Albiez-le-Vieux katika bonde la Maurienne. Joseph Opinel, aliyezaliwa mwaka 1872, alikuwa na umri wa miaka 18 tu alipobuni kisu chake mwaka 1890 katika karakana ya baba yake, Daniel, ambaye hakuupenda sana mwelekeo wa kijana huyo wa kuthamini mashine kuliko nyundo. Kisu hicho kilikuwa na vipande vinne: bapa, mpini wa mti uliochongwa mviringo na kupasuliwa ufa, pete ya chuma inayouzuia mti usipasuke zaidi, na ribiti inayoshika vyote. Springi haikuwamo kabisa, kwa kuwa bapa lilizuiwa na msuguano peke yake, yaani na namna mti ulivyolibana pande zote mbili.

Uamuzi huo wa kuiacha springi ndio uliokifanya kisu kiwe rahisi bila kukifanya kiwe duni. Mti unaweza kuchongwa na mashine kwa haraka, na ufa unaweza kukatwa kwa msumeno, bila kuhitaji jicho la fundi aliyejifunza kazi kwa miaka mingi. Joseph mwenyewe alibuni mashine za kutengenezea mipini, na mwanzoni mwa karne ya 20 akajenga kiwanda cha kwanza. Fedha iliyookolewa kwenye kiungo ilibaki kwenye bapa, ambalo lilikuwa jembamba, lenye chuma cha kaboni kinachonoleka upesi, na lililofaa kukata mkate, jibini na tawi la mzabibu kwa usawa. Mwaka 1897 visu hivyo vilipangwa kwa ukubwa kutoka namba 1 hadi namba 12, ambapo namba 1, yenye bapa la sentimita 2 tu, ilining'inizwa kwenye mnyororo wa saa. Namba 1 na namba 11 ziliachwa baadaye, na namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ikawa ndiyo inayonunuliwa zaidi. Wachuuzi waliotembea kijiji hadi kijiji walikieneza kisu hicho, na wafanyakazi wa reli iliyopita bondeni humo kuelekea handaki la Fréjus na Italia wakakifikisha mbali zaidi.

Mwaka 1909 Opinel aliandikisha alama yake ya biashara, mkono wenye taji, akifuata agizo la mfalme Charles IX la mwaka 1565 lililowataka wafua visu kutia alama kwenye kazi zao. Mkono huo ni wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambaye masalia yake yanahifadhiwa katika kanisa kuu la Saint-Jean-de-Maurienne, na taji ni la utawala wa zamani wa Savoie. Miaka michache baadaye utengenezaji ulihamia Cognin, karibu na mji wa Chambéry.

Kasoro za kisu hicho zilitokana na urahisi wake. Mti hufura ukilowa, na bapa hukwama. Watu wa Savoie walizoea kuugonga mwisho wa mpini mezani ili bapa lichomoze kidogo na kushikika kwa vidole. Chuma cha kaboni nacho hushika kutu na kuwa cheusi kikikaa na maji ya matunda, jambo ambalo baadaye lilisababisha kutengenezwa kwa bapa la chuma kisichoshika kutu, ingawa wengi wanaopenda kunoa wenyewe bado huchagua lile la zamani. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa kwamba bapa lingeweza kujifunga juu ya vidole, na hiyo ilitatuliwa mwaka 1955, Marcel Opinel wa familia hiyohiyo alipoongeza kipande cha tano: pete ya pili yenye pengo, ambayo ikizungushwa huziba njia ya bapa kurudi mpinini. Tangu mwaka 2000 pete hiyo imeweza pia kulifungia bapa likiwa ndani.

Wazo la kuiondoa springi halikuwa la Savoie pekee. Katika mji wa Miki, Japani, wahunzi wa miaka ya 1890 walianza kutengeneza higonokami, kisu ambacho mpini wake ni bamba moja la chuma au shaba ya manjano lililokunjwa, na ambacho bapa lake lina mkia mfupi unaosukumwa kwa kidole gumba. Wanafunzi wa shule walikitumia kuchongea penseli, hadi kampeni ya kuwaondolea watoto visu ilipoenea baada ya mwanasiasa Inejirō Asanuma kuuawa kwa upanga mfupi na kijana wa miaka 17 mnamo Oktoba 1960. Mjini Thiers, Ufaransa, Gaspard Cognet alitoa mwaka 1929 kisu kiitwacho Douk-Douk, chenye mpini wa bamba lililokunjwa pia lakini chenye springi kali, ambacho kilikusudiwa visiwa vya Melanesia na kikapata wateja wengi zaidi Afrika Kaskazini.

Afrika Mashariki iliguswa na historia hii kupitia Ujerumani. Visu vya Okapi, vilivyopewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye sayansi ya Ulaya ilimweleza mara ya kwanza mwaka 1901, vilianza kutengenezwa mwaka 1902 kwa ajili ya koloni za Ujerumani barani Afrika, ambazo wakati huo zilijumuisha Tanganyika ya baadaye, na tangu mwaka 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake wa mti na komeo lake linalovutwa kwa pete vinaonyesha kwamba soko la mtu wa kipato cha chini lilihesabiwa kuwa soko la kweli, lenye kustahili muundo wake.

Sheria za baadaye zimeubadilisha uzito wa sifa kama komeo na urefu wa bapa. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1988 huruhusu kubeba hadharani bila sababu maalumu kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani takriban sentimita 7.6, na mahakama zimeamua kwamba kisu chenye komeo hakihesabiwi kuwa cha kukunja kwa maana hiyo. Kwa hiyo pete ya mwaka 1955, iliyowekwa kulinda vidole vya mtumiaji, huiondoa namba 8 katika ruhusa ambayo urefu wake ulikuwa tayari umeinyima, ilhali namba 2 hadi 5, ambazo ni ndogo mno na hazikuwekewa pete hiyo, zinabaki ndani yake.