Protini ya yavuyavu iliyofichua siri za neva
PROTINI ya kijani inayong'aa, iliyotengwa na Osamu Shimomura kutoka kwa yavuyavu wa pwani ya Marekani mnamo 1962, ndiyo huwawezesha wataalamu kutazama seli za neva zingali hai.

Douglas Prasher aliinasa jeni yake mwaka wa 1992, akawagawia wenzake. Martin Chalfie aliipandikiza katika mnyoo. Neva zilipomulikwa kwa mwanga wa buluu ziling'aa kijani. Roger Tsien naye akabuni rangi nyingine.

Watatu hao, Shimomura, Chalfie na Tsien, walituzwa Nobel ya Kemia mwaka wa 2008. Prasher, ambaye awali alinyimwa fedha za utafiti, wakati huo alikuwa dereva wa kampuni ya kuuza magari jimboni Alabama. Kanuni hairuhusu washindi zaidi ya watatu.